Ncha ya Muhogo

Mimi ni bwana afya, na nina pua. Nayasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu kwangu ni kitu kimoja. Miaka ishirini na mbili nimeingia kwenye mabucha, vilabu vya pombe, majiko ya mama lishe na vyoo vya shule, kuanzia Chiola mpaka Nachingwea mjini, na ninaweza kusimama mlangoni nikakuambia mafuta ya kukaangia yametumika mara ngapi. Watu walinisifia kwa hilo. Mke wangu Goreti alikuwa akinisifia pia, kabla pua hiyo haijaingia nyumbani kwa mama yake.

Mwezi wa tisa tulikwenda Lionja kwenye komunio ya kwanza ya mtoto wa shemeji yangu Eustakio, kaka yake Goreti. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake, wala hali mbele yake. Akipita kulia wewe unapita kushoto, na mkikutana unainamisha macho. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa ya ndoa nilikuwa nimekula mihogo ya Mama Gaudensia, mitamu, inayovunjika yenyewe mdomoni, bila kujua inapikwaje. Siku hiyo nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la mihogo iliyomenywa mbele yake. Anachukua mmoja, anauma ncha, anatafuna kidogo, anatema pembeni, ptu, kisha anautumbukiza kwenye sufuria. Anachukua mwingine. Ptu. Sufuriani. Wa tatu anautupa kwenye ungo, upande wa pili. Beseni zima! Mate ya bibi wa miaka sabini na tano, mwenye pengo la jino la mbele, yamo kwenye kila muhogo niliokula tangu nioe.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini mdomo huponza kichwa, na wangu hauna breki. Nilirudi uani walipokaa wageni, na padre akiwa katikati yao na sahani yake, nikasema kwa sauti ile ya kazini, "Jamani, mihogo hiyo msile. Imetemewa mate."

Sahani ziliwekwa chini moja baada ya nyingine. Mama Gaudensia alisikia kutoka jikoni, na hakutoka tena mpaka wageni wakaondoka. Jioni nilipowasha pikipiki Goreti hakupanda. Alisema anabaki kumsaidia mama yake kuosha vyombo. Vyombo hivyo vilioshwa miezi miwili.

Nilituma wazee, wakarudi na majibu ya heshima na mikono mitupu. Nilipiga simu, ikapokelewa na Eustakio, "Dada yuko shamba, shemeji." Watoto walikuwa bweni, nyumba ikawa kimya, na mimi nikawa najipikia wali uliooshwa mara sita, usio na ladha yoyote. Nilikuwa namtaka mke wangu arudi. Sioni haya kuisema, ingawa wakati ule niliona haya hata kuiwaza.

Basi mwezi wa kumi na moja Goreti akapiga mwenyewe.

"Baba Leonard, Jumamosi tunampeleka mama Ruangwa, kwenye ile bustani mpya ya mabembea. Kuna tamasha la vyakula na waini ya mabibo. Mama anataka kuliona lile gurudumu linalopandisha watu juu. Uje."

"Nitakuja," nikasema, kabla hajamaliza.

"Ngoja usikie. Utakula kila nitakachokupa mkononi. Sitaki neno, sitaki kukunja uso, sitaki kuiona pua yako ikipanda. Ukiweza, jioni napanda nawe gari la Nachingwea. Ukishindwa, usinipigie tena."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Sijawahi kusema uongo mkubwa namna ile katika ndoa yangu.

* * *

Bustani yenyewe iko nje ya mji wa Ruangwa, njia ya kwenda Namungo. Mwenyewe anaitwa Obadia, mtu aliyebahatika kwenye machimbo ya dhahabu akaamua kuwajengea watu furaha. Nia njema, siikatai. Lakini furaha hiyo ilikuwa imejengwa haraka haraka. Getini kulikuwa na twiga wa saruji mwenye shingo fupi, ni wazi kwamba saruji iliisha kabla ya shingo. Tembo alikuwa amefunguliwa mdomo ili watu watupie humo takataka, na alikuwa ameshiba tangu asubuhi: vijiti vya mishkaki, maganda, nepi ya mtoto, vyote vinamtoka kinywani na nzi juu yake. Treni ya watoto ilikuwa trekta iliyopakwa rangi nyekundu, inavuta mabehewa matatu, inawapumulia moshi watoto waliokaa nyuma. Gurudumu lilikuwepo kweli, linazunguka, na kila likizunguka linalia kama mbuzi anayevutwa kamba.

Nikaiona pua yangu inataka kupanda. Nikaishika kwa leso, nikajifanya nafuta jasho.

Walikuwa wananisubiri chini ya turubai. Eustakio alinipa mkono bila kunitazama sana. Mama Gaudensia alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa kitenge kipya na rozari shingoni, amegeukia gurudumu na kunipa mgongo. Nilimwamkia nikiwa nimeinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," akajibu, akiliambia gurudumu.

Ndivyo ilivyotakiwa. Mgongo ule ulikuwa heshima, lakini siku ile niliusoma vingine, na nadhani niliusoma sawasawa.

Goreti alikuwa amependeza. Amenenepa kidogo, hilo nalo likaniuma. Hakunisalimia sana. Alinitazama usoni kama mtu anayekagua kipimo kabla ya kupima, akasema, "Twende."

Banda la kwanza lilikuwa la supu ya utumbo iliyopikwa kwa mvinyo wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Niliusikia utumbo kabla sijaliona banda. Utumbo ukioshwa vizuri una harufu yake, na usipooshwa una harufu ya ng'ombe mwenyewe. Mpishi, jamaa mnene wa makamo, alikuwa anakoroga kwa mwiko, anaulamba, anaurudisha, huku jasho likimtiririka kwenye kidevu na kudondoka sipendi kusema wapi. Goreti akapokea bakuli, akanipa. Utumbo ulikuwa na rangi ya kijani kwenye mikunjo, na mchuzi wa manjano umeelea juu yake. Nilitia kijiko mdomoni. Uchachu, mafuta baridi, kisha kitu cha chengachenga ambacho hakikuwa pilipili wala chumvi. Mchanga wa tumboni mwa ng'ombe. Nikatafuna. Macho ya mke wangu yalikuwa kwenye pua yangu kama ya mwamuzi kwenye mstari wa goli.

"Nzuri?" akauliza.

"Ina ladha," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

La pili panya. Sikiliza, panya sina ugomvi nao, nimekua nikiwala. Baba yangu alituletea kutoka mashambani, wamebanikwa, wakavu, wananukia moshi, na mtoto aliyepata wawili alionekana tajiri. Lakini panya hubabuliwa manyoya mpaka yaishe. Hawa walikuwa wamechemshwa kwenye mvinyo ili wawe wa kisasa, na manyoya yao yamelowa, yamelala ubavuni, wananuka kama tambara la kudekia lililosahaulika kwenye ndoo. Mmoja alikuwa na masharubu yake yote. Ndiye niliyepewa. Nilifumba macho nikamwomba Mungu asamehe jambo hilo, nikaanzia mkiani.

Nilipofumbua, Goreti alikuwa ameuma mdomo wake wa chini, anazuia kicheko. Na mimi, pamoja na kichefuchefu chote kile, nikafurahi. Nilikuwa sijauona mdomo huo ukizuia kicheko tangu mwezi wa tisa.

Waislamu, ambao ndio wengi huku kwetu, walikuwa wamekuja kwa ajili ya mabembea na vyakula vingine, na waliyapita mabanda ya mvinyo kwa mbali, wakivuta watoto mkono. Niliwaonea wivu. Dini yangu haikunipa kisingizio chochote.

Banda kubwa la mvinyo lilikuwa katikati. Hapo alisimama kijana mmoja aitwaye Modest, mtaalamu aliyeletwa kutoka Dodoma, amevaa kizibao na tai kwenye jua lile. Alikuwa anawafundisha watu kuonja. Akamimina kidogo kwenye glasi, akaizungusha, akaingiza pua yake humo, akavuta hewa, akapiga funda, akalisukasuka shavu hili na shavu lile kama anayesukutua baada ya mswaki. Kisha akainama akatema, ptu, ndani ya ndoo ya bati inayong'aa iliyowekwa juu ya meza, katikati ya vyakula.

Watu wakapiga makofi. Wengine wakafuata, wakazungusha, wakatema, wakajisikia watu wa mjini. Ndoo ile ilikuwa imefika nusu, na povu juu. Glasi zilisuuzwa kwenye beseni moja lenye maji ya rangi ya chai ya rangi, kisha zikapewa wengine.

Mama Gaudensia, ambaye alikuwa amesogea na benchi lake, aligeuza shingo kidogo.

"Eustakio," akasema, "kumbe na hawa wanatema?"

"Wanaonja, mama."

"Na mimi nilikuwa naonja."

Goreti alishika nguzo ya turubai akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Nilitaka kueleza kwamba kutema kwenye ndoo kwa utaratibu ni jambo moja, na kuuma chakula cha watu ni lingine, nikakumbuka kwamba sina ruhusa ya neno. Goreti akanipa glasi. Ukingoni kulikuwa na alama ya midomo ya mwanamke, nyekundu, imekamilika mpaka mistari yake. Nikaigeuza glasi ninywee upande wa pili. Huko kulikuwa na alama ya pinki.

Nikanywa. Mvinyo wenyewe ulikuwa mtamu mwanzoni, kisha ukaja ule ukakasi wa mabibo, unaokausha ulimi ukawa kama gunia. Akaniongeza. Nikanywa tena. Kufika glasi ya tatu ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli nilishukuru, kwa kuwa ulimi uliokufa hauoni kinyaa.

* * *

Ndipo tukafika kwenye banda la Koleta.

Niliposimama pale nilitaka kulia. Meza nyeupe. Msichana mwenye kofia nyeupe, aproni nyeupe, kucha fupi, glovu mkononi, naye anazibadilisha kila akigusa kitu kingine. Mihogo imemenywa, imeoshwa kwenye maji matatu, imekatwa vipande vinavyolingana, inakaangwa kwenye mafuta mapya. Niliyanusa, mapya kabisa. Juu yake anamwaga sosi nzito ya mabibo, ya sukari na pilipili. Alikuwa amesomea mapishi Dar es Salaam, akaniambia kwa adabu kwamba mihogo ameinunua sokoni Ruangwa asubuhi ile, magunia mawili, mingine iko kwenye mabeseni nyuma yake inasubiri.

Nilikula sahani nzima. Nikaomba nusu nyingine. Uso wangu ulilegea wenyewe, bila kulazimishwa, na Goreti alikula vipande viwili kutoka kwenye sahani yangu kama zamani.

"Imeshuka," akasema.

"Nini?"

"Pua. Imeshuka, baba Leonard. Limebaki banda hili tu, halafu tunamaliza." Akatabasamu akitazama chini, na mimi nikajua kwamba jioni ile tutakuwa wawili garini.

Hapo ningeshukuru nikakaa. Lakini alikuja kijana mshereheshaji, Sadiki, na kipaza sauti chake. Mtu mmoja alikuwa amemnong'oneza kazi yangu.

"Oyaa, wanangu wa Ruangwa! Tunaye bwana afya kutoka Nachingwea hapa! Mzee, sema ukweli wako, banda gani kali leo?"

Nikakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Banda hili," nikasema. "Hapa hakuna mkono uliogusa chakula. Hakuna mdomo uliogusa chakula. Wapo wapishi wa miaka mingi ambao wangekuja hapa wajifunze kwa binti huyu."

Nilisema maneno hayo nikiutazama mgongo uliokuwa kwenye benchi. Mgongo haukutikisika. Tabasamu la Goreti ndilo lililopungua, kidogo tu, na mimi katika ujinga wangu nikadhani ni jua. Obadia mwenyewe akapanda jukwaani akashangilia, akatangaza kwamba saa tisa kila mtoto atakayeshuka kwenye treni atapewa sahani ya muhogo wa Koleta bure. Watoto wakaanza kujipanga.

Nikachukua sahani moja, nikampa Goreti ampelekee mama yake. Nilijiona mkwe mwema. Mama Gaudensia alipokea kwa mikono miwili, akageuka pembeni ili asile mbele yangu, akasukuma sosi kando kwa kidole, akachukua kipande kimoja, akauma ncha.

Ptu.

Alitema chini, mbele ya watu, karibu na viatu vya Sadiki.

"Mchungu," akasema. "Mnaokula, temeni."

Vikazuka vicheko. "Bibi amezidiwa na waini huyo!" Sadiki akatangaza, ingawa Mama Gaudensia hakuwa amegusa hata tone. Koleta akasogea, macho yamemjaa maji. "Bibi, nimeiosha mara tatu. Niliivalia glovu."

"Mwanangu, kuosha hakutoi. Mchungu ni mchungu. Uliuonja?"

"Kuonja vipi, bibi? Mbichi?"

Na mimi? Nilisikia kinyaa kilekile cha mwezi wa tisa kikinipanda kutoka kwenye nyayo. Mate yale yaliyokuwa mchangani, mbele ya banda pekee safi katika uchafu wote ule, mbele ya watu niliowahutubia! Niliona aibu, nikaona hasira, nikamwona ni bibi mshamba aliyekuja kuniharibia siku. Sikusema neno. Lakini uso hauna kufuli.

"Pua," Goreti akasema.

Neno moja tu. Akaufunga vizuri mtandio wake, akaenda kukaa karibu na mama yake, naye akanipa mgongo. Migongo ikawa miwili.

Basi, yameisha. Ndivyo nilivyowaza. Nimekula mchanga wa utumbo, nimekula panya na masharubu yake, nimekunywa midomo ya wanawake wawili nisiowajua, na yote yameharibika kwa tone la mate. Nikageuka niondoke. Nilipogeuka, twiga wa saruji akageuka pia. Nikasimama. Akaendelea kugeuka. Kichwa kilikuwa chepesi, midomo inawasha kwa ndani.

Hizo ni dalili za sumu ya muhogo mchungu, nimezisoma chuoni. Nimezifundisha kwa wengine. Mashamba ya Lionja, kama mashamba mengi ya huku, yana mihogo mitamu na michungu imepandwa pamoja, kwa kuwa ile michungu nguruwe pori hawaipendi. Michungu huanikwa ikawa makopa, ikatwangwa unga, haichomwi wala haikaangwi mibichi. Ikiwa imeng'olewa na kumenywa, huwezi kuitofautisha kwa jicho. Nayajua hayo kwa kitabu. Sikuwahi kujiuliza mama mkwe wangu anajuaje, jikoni, bila kitabu.

Nikachukua maji, nikasukutua mara tatu mpaka ule ukakasi ukapungua. Nikaenda nyuma ya meza ya Koleta, nikachukua muhogo mbichi kutoka kwenye beseni, nikauma ncha. Uchungu ukanipanda mpaka masikioni, ule wa kidonge cha klorokwini kilichoyeyukia ulimini. Nikatema. Nikachukua mwingine: mtamu. Mwingine: mtamu. Wa nne: uchungu wa kuliza. Weupe ni uleule, maji ni yaleyale, glovu ni zilezile. Na sisi wote tulikuwa tumelewesha ndimi zetu kwa ukakasi na sukari, tusingeona tofauti mpaka tuanguke.

Treni ilikuwa inapiga honi, inarudi na watoto.

Nilimpokonya Sadiki kipaza sauti.

"Msile mihogo hii. Mimi ndiye niliyewaambia banda hili ni safi. Ni safi kweli, binti hana kosa, lakini mihogo imechanganyika na michungu, na ile michungu ni sumu. Wote mliokula njooni mbele, mtapelekwa kituo cha afya mkaangaliwe. Obadia, toa gari lako." Nikavuta pumzi. "Na bibi aliyetema ni mama mkwe wangu. Mwezi wa tisa, nyumbani kwake, mbele ya padre na wageni wake, nilimwaibisha kwa sababu alitema namna hii. Amenilisha miaka kumi na tisa. Sijaumwa tumbo hata siku moja. Mama, nimekosa."

Nilitaka kuongeza, lakini sahani moja na nusu ya muhogo ilikuwa na neno lake pia. Nilikimbilia nyuma ya twiga nikatapika yote, utumbo na panya, mvinyo na muhogo, huku nimeshika shingo yake fupi, na kundi la watoto likinitazama kwa makini kuliko walivyolitazama gurudumu.

* * *

Waliokula walikuwa watu kumi na wanane. Walipelekwa, wakaangaliwa, wakarudi, wawili tu wakilalamika tumbo. Goreti hakutaka kupanda gari, alisema vipande viwili havimtishi. Mimi nilisema nimeshajitibu.

Obadia aliamuru mabeseni yote yamwagwe. Mama Gaudensia akainuka kwenye benchi.

"Chakula hakitupwi," akasema. "Kinachaguliwa. Nani hajanywa hiyo waini yenu?"

Watu wakatazamana. Waislamu waliokuwa karibu hawakuwa wamekunywa, lakini walikuwa wamekula muhogo wenye sosi ya mabibo, na walikuwa wamekwishapelekwa kuangaliwa. Eustakio alikuwa amekunywa zaidi yangu. Mama Gaudensia akapitisha macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa yakaja moja kwa moja usoni kwangu.

"Huyu," akasema. "Ametapika. Ulimi wake mpya."

Tuliketi chini kwenye mkeka, beseni katikati yetu, tumetazamana. Modest wa Dodoma akaleta ndoo yake ya bati, akaimwaga, akaisuuza, akaiweka kati yetu kwa heshima zote. Mama mkwe wangu akachukua muhogo, akauma ncha, akatafuna, akatema kwenye ndoo, akautupa kulia: mtamu. Nikachukua wangu. Nikauma. Nikatema. Mate yangu yakaangukia juu ya yake.

Sitawadanganya. Ilikuwa kinyaa kitupu. Uzi wa mate ulinining'inia kidevuni, nikaufuta kwa kiganja, kiganja hichohicho kikachukua muhogo mwingine. Harufu ya ndoo ile ilinipanda. Kila uliokuwa mchungu ulinikunja uso mzima, macho, mdomo, na pua ikapanda mpaka kwenye paji. Kando yetu watu walisimama wakitazama bwana afya wa Nachingwea akiuma na kutema, na wengine walikuwa na nyuso zilezile nilizokuwa nazo mimi nyuma ya nyumba ya Lionja. Mtamu kulia, mchungu kushoto. Tulifanya hivyo kwa muda unaokaribia saa nzima, mpaka mabeseni yote yakaisha.

Mitamu ilichemshwa kwa maji na chumvi tu, bila sosi. Michungu Koleta aliifunga kwenye gunia apeleke ikaanikwe, na alikuwa amemwomba Mama Gaudensia ampe namba ya simu. Watoto walikula. Mtu yeyote angeweza kuona kwamba kila muhogo una alama ya meno kwenye ncha yake: mingine safu nzima, hiyo ni yangu, mingine ina nafasi katikati, mahali palipo na pengo.

Goreti alikuja na sahani. Ilikuwa na muhogo mmoja, wa moto. Aliishikilia mbele yangu, akaigeuza ili nione ncha. Ilikuwa na pengo katikati.

"Nilikuambia kila nitakachokupa," akasema.

"Na pua ilishapanda," nikasema. "Imepanda mchana kutwa."

"Nimeiona. Kula."

Nikamtazama mama yake, nikisubiri ageuke, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hakugeuka. Alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anajifuta mdomo kwa pindo la kitenge, ananitazama.

"Kula, mwanangu, nikuone," akasema.

Nikaanzia kwenye ncha. Kinyaa kilikuwepo, kimesimama shingoni, na muhogo ukapita kando yake ukashuka. Ulikuwa mtamu. Nilikula mpaka mwisho, na sijui uso wangu ulikuwaje, kwa kuwa hakuna aliyeniambia.

Goreti alipokea sahani, akaipangusa. Kisha akamgeukia kaka yake aliyekuwa anatafuta funguo za gari.

"Eustakio," akasema, "nendeni na mama peke yenu. Vyombo vya Lionja nimeshamaliza kuosha."